Ferguson TE-D20: plagi za B7HS zinajaa masizi ndani ya siku mbili, namba sahihi ni ipi?

MkulimaKaratu

Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada wa plagi za trekta la zamani. Ni Ferguson ya kijivu, kibao kimeandikwa TE-D20, injini ya kampuni ya Standard ya silinda nne, betri ya volti 12. Kazi yake ni tela la maji, na plau la majembe mawili msimu ukifika.

Plagi zilizomo ni NGK B7HS-10. Dukani tuliambiwa nyuzi zikiingia basi zinafaa, na kweli ziliingia bila kulazimisha. Asubuhi injini inashika mara moja. Ikiachwa ingurume bila mzigo dakika ishirini, au ikivuta tela tupu, inaanza kumisi, yaani baadhi ya silinda haziwaki. Baada ya siku mbili haiwaki tena mpaka plagi zitolewe zisuguliwe. Ukizitoa, ya kwanza, ya pili na ya nne ni nyeusi kavu, masizi yanapakaa kidoleni kama ya chungu. Ya tatu nayo nyeusi, lakini imelowa na inateleza.

Petroli ni ya kituoni, ila wakati mwingine huongezewa mafuta ya taa kama robo ya tangi.

Ninachotaka kujua: namba gani inafaa? Nafasi ya cheche iwe ngapi? Zile zenye herufi R zinaruhusiwa? Na BP6ES za gari, ambazo zimejaa kila duka, zinaweza kuingia?

dereva_plau

Mkuu, trekta si dizeli? Hizo si nozeli kweli?

FundiSpana

Dereva, matrekta mengi tunayoyaona barabarani ni dizeli, lakini Ferguson ya kijivu ilitoka kiwandani kwa aina kadhaa. Zilitengenezwa Coventry, Uingereza, kuanzia 1946 hadi 1956, zaidi ya laki tano, na herufi iliyo baada ya TE ndiyo inayosema injini inakula nini. TE-A20 ni ya petroli. TE-D20 ni ya mafuta mazito ya trekta, yaani jamii ya mafuta ya taa yaliyoongezewa nguvu, na huwashwa kwa petroli. TE-H20 ni ya mafuta ya taa matupu. TE-F20 ndiyo dizeli, nayo haina plagi za cheche. Ikiwa ni TE-20 bila herufi, hiyo ni ya mwanzo yenye injini ya Continental kutoka Marekani. Plagi zake usizikisie kwa haya nitakayoandika hapa, pima tundu lake kwanza.

Mkulima, sasa kwako. Muuzaji alikwambia nusu ya ukweli. Nyuzi zimeingia kwa sababu B ya NGK ni kipenyo cha 14 mm, na H ni urefu wa nyuzi wa 12.7 mm, yaani nusu inchi. Vyote viwili ndivyo kichwa cha injini ya Standard kinavyotaka. Tatizo ni ile 7. Kwa NGK namba ikipanda plagi inakuwa ya baridi zaidi, ikishuka inakuwa ya moto zaidi. B7HS ni plagi inayopendwa kwenye mashine za boti za mipigo miwili, zinazozunguka mizunguko elfu tano kwa dakika. Huko joto ni jingi, plagi lazima ilikimbize haraka. Trekta lako lina kompresheni ndogo, linazunguka taratibu, na kwa maelezo yako nusu ya siku linanguruma bila mzigo. Plagi hiyo haipati moto wa kutosha kujisafisha.

Ukitaka kuona tofauti kwa macho, weka B7HS na B5HS pamoja juu ya meza, uzitazame upande wa chini. Ile kauri nyeupe inayozunguka nondo ya katikati, kwenye B7 ni fupi na imegusana na chuma karibu na mdomo. Kwenye B5 pua ya kauri ni ndefu, imezama ndani kabisa kabla ya kugusana na chuma. Joto lina safari ndefu kulifikia chuma na kichwa cha injini, kwa hiyo ncha inabaki na moto. Ncha inahitaji kuvuka nyuzi 450 au 500 za Selsiasi ili masizi yaungue yenyewe. Ikipita 800 na kitu, inageuka kaa la moto na kuwasha mchanganyiko kabla ya cheche. Kuchagua namba ni kutafuta plagi itakayokaa katikati ya hapo kwa kazi yako wewe, si kwa kazi ya jirani.

Kwa TE-D20 inayokula petroli tupu na kufanya kazi mchanganyiko, anza na B6HS. Inayokula mafuta ya taa muda mwingi, B5HS, na wengine hushuka hadi B4H. Ukikuta Champion, wauzaji wa spea za Ferguson hutoa L86C badala ya L10 iliyoandikwa kwenye vitabu vya zamani. L yao ni 14 mm na nusu inchi. Angalia tu usichanganye hesabu: kwa Champion na Bosch namba ikipanda plagi ni ya MOTO zaidi, kinyume cha NGK. Denso wanafuata mwelekeo wa NGK ila kwa tarakimu zao: W20FS-U ni sawa na B6HS, W16FS-U ni sawa na B5HS.

BP6ES usiweke. E ni urefu wa 19 mm, na P ni pua iliyotokeza nje. Zaidi ya milimita sita za nyuzi zitaning'inia ndani ya chumba cha moto. Kama una bahati haitagongana na pistoni wala valvu, lakini nyuzi hizo zitashika kaboni, na siku ya kuitoa itatoka na nyuzi za kichwa. Nyuzi zilizo uchi pia zinawaka na kuleta kugonga. Na kinyume chake ni kosa pia: plagi fupi ya 9.5 mm, kama BPM7A ya msumeno wa kukatia miti, inaacha shimo juu yake. Cheche inaruka ndani ya kisima, na nyuzi tupu za chini zinajaa kaboni ngumu, halafu plagi sahihi ikija haiingii.

Nafasi ya cheche ni inchi 0.030, yaani 0.75 mm. Ile "-10" mwishoni mwa plagi zako maana yake imetoka kiwandani na nafasi ya 1.0 mm. Koili ya zamani inahangaika kuiruka hiyo, hasa plagi ikishapaka masizi.

Mzee_wa_Kabureta

Nakubaliana na Fundi kwa urefu na kipenyo. Kwa namba ya joto naongeza neno, kwa sababu watu wakishasikia "plagi ya moto" wanakimbilia B4H na kusahau kilichosababisha masizi.

Masizi makavu ni mafuta yasiyoungua. Kabla ya kubadili plagi, tafuta kwa nini mchanganyiko ni mzito au injini ni ya baridi. Kwenye Ferguson hii kuna sehemu nne ambazo mimi naziangalia kwa mpangilio huu.

Thamostati. Matrekta mengi huku kwetu yalitolewa thamostati zamani sana, eti injini isichemke. Bila thamostati maji yanazunguka muda wote, na asubuhi ya baridi ya Karatu injini haifiki joto la kazi hata ikivuta. TE-D inahitaji joto kuliko ndugu yake wa petroli, ndiyo maana zilikuwa na pazia la kuziba rejeta. Geji ya joto isiposhika karibu 80, mafuta ya taa hayageuki mvuke. Yanaingia kama matone, yanaosha oili kwenye kuta za silinda na kushuka kwenye sampu. Chomoa kijiti cha oili: kama kiwango kimepanda badala ya kushuka, na kina harufu ya kibatari, mwaga oili hiyo leo, usingoje kesho.

Choki. Kabureta ni Zenith 24T2, na choki yake inavutwa kwa waya mrefu. Waya ukikwama ndani ya gamba, kitufe kinarudi lakini kipepeo kinabaki kimefungwa robo. Usiamini kitufe. Vua mpira wa hewa utazame kipepeo kwa macho huku mtu akivuta na kusukuma.

Kichujio cha hewa cha oili. Watu hujaza bakuli mpaka juu wakidhani oili nyingi ndiyo usafi. Kuna alama, ishia hapo. Ikizidi, injini inafyonza oili na hewa inapita kwa shida, unapata masizi na ulowevu kwa pamoja.

Ya mwisho ni hiyo ya kumwaga mafuta ya taa kwenye tangi la petroli. Tangi la TE-D lilikuwa na vyumba viwili kwa sababu: chumba kidogo cha petroli ya kuwashia, na kikubwa cha mafuta mazito. Unawasha kwa petroli, unasubiri ipate moto, ndipo unageuza bomba. Dakika chache kabla ya kuzima unarudisha kwenye petroli ili kabureta ibaki na petroli ya kuwashia tena. Ukichanganya vyote kwenye chumba kimoja, unawasha injini ya baridi kwa robo ya mafuta ya taa. Hakuna plagi duniani itakayobaki safi. Tena mafuta ya taa matupu yana oktani ndogo, kwenye TE-D yatagonga ukiweka plau ardhini.

Kama shabaha ni kuokoa hela, piga hesabu upya. Kenya walipoweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa mwaka 2018 ili kuzuia uchakachuaji, faida ya kuendesha trekta kwa mafuta ya taa iliyeyuka. Tanzania nayo bei zililetwa karibu karibu kwa sababu hiyo hiyo. Choma petroli tupu, weka B6HS, maliza maneno.

FundiSpana

Mzee hapo sina ubishi, isipokuwa kimoja: tela la maji na kunguruma bila mzigo ni kazi nyepesi hata injini ikiwa na joto lake. Mimi kwa kazi hiyo ningekuwa na seti mbili. B5HS za kuvutia maji, B6HS siku za kulima.

Mzee_wa_Kabureta

Seti mbili ni kwa mtu anayekumbuka kubadili. Akisahau na kuingia shambani na B5HS kwa petroli, jua la saa saba, plau imezama, ataanza kusikia mlio wa kugonga, na akizima swichi injini itaendelea kujizungusha. Plagi zikitoka na kauri nyeupe yenye vipele na ncha iliyolika, hapo umechelewa. B6HS zikinyamaza wiki nzima kwenye tela bila kumisi, hakuna sababu ya kushuka.

umeme_wa_magari

Wakubwa shikamooni. Mmeongea kabureta na joto, mimi nagusa umeme, maana cheche dhaifu huacha masizi yale yale na watu wanalaumu plagi.

Kwanza polariti ya koili. Ferguson hizi za volti 12 zilitoka kiwandani na chanya ya betri ikiwa ndiyo eti, yaani waya wa chanya ndio unaofungwa kwenye bodi. Koili za Lucas za zamani zina alama SW na CB: SW inatoka kwenye swichi, CB inakwenda kwenye distribyuta. Mtu akileta koili mpya yenye alama za + na −, anaifunga kama ya gari la kisasa, + kwenye swichi. Kwa trekta lenye chanya kwenye bodi hiyo ni kinyume. Hapo − ndiyo inayokaa kwenye swichi, na + inakwenda kwenye distribyuta. Ukikosea injini inawaka, ila cheche inaruka kutoka kwenye chuma cha pembeni ambacho ni cha baridi kwenda kwenye nondo ya katikati, na inahitaji volti nyingi zaidi kuruka. Ikiwa safi hutajua. Ikipaka masizi kidogo tu, inamisi.

Kupima ni rahisi. Injini ikinguruma, shika waya wa plagi kwa koleo yenye mpira, uvute juu ya plagi milimita kama sita, kisha weka ncha ya penseli iliyochongwa katikati ya mwanya. Cheche inapokatiza ncha ya penseli itatoa mwali mdogo wa rangi ya chungwa upande mmoja. Mwali ukielekea kwenye plagi, koili iko sawa. Ukielekea kwenye waya, geuza nyaya mbili ndogo za koili.

Pili, aina ya koili. Pima ukinzani wa vituo vidogo viwili ukiwa umechomoa nyaya. Kama ohmu 3, hiyo ni ya volti 12 ya kawaida. Kama ohmu 1.5, ni ya kutumia na rezista nje, ukiifunga hivi hivi itachemka na kuunguza kontakti (pointi za ndani ya distribyuta).

Tatu, nyaya za plagi. Mifuniko mingi ya Lucas waya unaingia kwa ubavuni na kushikwa na skrubu yenye ncha kali inayotoboa kutoka ndani ya mfuniko. Inataka waya wenye nyuzi za shaba katikati. Waya wa kaboni wa gari la kisasa una uzi laini mwembamba, ile skrubu inapita pembeni yake au inaukata. Kinachotokea ni silinda moja kumisi leo, nyingine kesho.

Kuhusu R: ndani kuna ukinzani wa kama kilo-ohmu 5 wa kupunguza kelele za redio. Kwa kontakti na koili nzima haitaua injini, ila haina faida kwako, chukua isiyo na R. Ukija kufunga mfumo wa elektroniki ndani ya distribyuta, hapo kinyume chake, weka BR6HS, la sivyo kelele za umeme zinaweza kuvuruga kile kifaa.

Mfuatano wa moto ni 1-3-4-2, namba moja ni ya upande wa feni. Rota inazunguka upande gani, vua mfuniko, zungusha injini kwa mkono, utazame. Usifuate picha za mtandaoni.

MkulimaKaratu

Asanteni sana wakuu. Majibu baada ya ukaguzi:

Thamostati haipo, nyumba yake ni tupu. Oili imepanda juu ya alama na inanuka mafuta ya taa. Choki inafunguka yote. Koili ina alama za + na −, + iko kwenye swichi, na betri imefungwa chanya kwenye bodi. Ukinzani wa koili ni ohmu 3.1. Nyaya ni za shaba.

Silinda ya tatu bado inanitia wasiwasi.

umeme_wa_magari

Geuza koili. Hiyo peke yake utaiona tofauti.

FundiSpana

Na oili imwage kabla ya kuwasha tena. Oili iliyochanganyika na mafuta ya taa haishiki beringi.

Silinda ya tatu: ulowevu unaoteleza ni oili, si mafuta. Plagi haitaiponya. Fanya kipimo cha kompresheni hivi. Washa injini ipate moto, zima. Puliza vumbi kuzunguka plagi kabla ya kuzitoa, maana mchanga wa shambani ukidondoka ndani unakwaruza silinda. Toa plagi ZOTE nne, toa waya mkubwa wa katikati kwenye koili na uubane kwenye chuma cha injini, fungua kaba (mkono wa mafuta) hadi mwisho. Kwenye Ferguson stata inaamshwa na mkono wa gia ukiusogeza kwenye S, kwa hiyo mtu mmoja akae kitini na mwingine ashike geji. Zungusha mara sita kwa kila silinda, andika namba. Usitafute namba kubwa, tafuta zinazofanana. Moja ikiwa chini ya robo tatu ya iliyo juu kabisa, kuna ugonjwa.

Kisha mimina kijiko kimoja cha oili safi kwenye silinda ya tatu, upime tena. Namba ikiruka juu, ni ringi au laina. Isipobadilika, ni valvu. Na kama namba ilikuwa nzuri tangu mwanzo lakini plagi bado inalowa, oili inashuka kwenye gaidi za valvu (mirija inayoongoza valvu) au ringi ya oili imechoka ingawa za kompresheni ziko hai.

Ukingoja fedha ya kufungua kichwa, weka B5HS kwenye silinda ya tatu peke yake na B6HS kwenye zile nyingine. Ni kiraka, lakini kinakubalika.

Ferg_wa_Eldy

Samahani kuingilia. Mimi niko na Ford 8N ya petroli, ndugu yangu alituletea kutoka Marekani. Hii hesabu ya H ni ile ile?

FundiSpana

Hapana, na hapa ndipo watu wanapotea. Ford 9N, 2N na 8N zinatumia 14 mm lakini urefu wake ni 7/16 ya inchi, kama 11.1 mm. Kwa Champion hiyo ndiyo H yao, kama H12. Kwa Autolite ni 437. H ya Champion si H ya NGK! Nafasi ya cheche inchi 0.025. Mfuatano wa moto ni 1-2-4-3, fundi aliyezoea 1-3-4-2 akikufungia nyaya kwa mazoea itapiga mizinga kwenye sailensa. Kontakti ni inchi 0.015 kwa yenye distribyuta mbele chini ya feni, na 0.025 kwa yenye distribyuta ya ubavuni.

Ferg_wa_Eldy

Yangu ni ya mbele. Shukrani mkubwa.

Mzee_wa_Kabureta

Mkulima, kabla hujanunua, mambo machache ya dukani na ya kufunga.

Plagi bandia za NGK zimejaa. Ya kweli maandishi kwenye kauri ni makali na hayatoki kwa kucha, nyuzi zinang'aa bila makovu, nondo ya katikati na chuma cha pembeni vimelingana katikati kwa katikati, na ile washa (pete ya chuma ya kuziba) imebanwa kwenye plagi, inazunguka lakini haianguki. Ukikuta washa inatoka kama pete, rudisha. Uliza pia kama kile kijikofia cha juu kinafunguka: nyaya nyingi za Ferguson zina pete au kibanio kinachokaa kwenye skrubu tupu ya 4 mm, nyingine zinataka kofia. B6HS huja na kofia ya kufungua, ibane kwa koleo kidogo kama unaitumia, ikilegea inaleta kumisi kusikoeleweka.

Nafasi rekebisha kwa kupinda chuma cha pembeni tu. Ukiingiza bisibisi na kuegemea nondo ya katikati, unapasua kauri ndani na huoni. Fila (bapa la kupimia nafasi) ya 0.75 ipite kwa kukwaruza kidogo, ya 0.80 isipite.

Hizo B7HS usizisugue tena kwa brashi ya chuma. Brashi inaacha mistari ya chuma kwenye kauri kama ya penseli, na umeme unapita humo badala ya kuruka. Zitakase kwa petroli na mswaki wa zamani, piga tupa ndogo kwenye ncha mpaka pembe ziwe kali, maana cheche hupenda pembe. Kisha mpe mwenye boti.

Tundu zake zisafishe kwa tepu ya kukatia nyuzi ya M14 × 1.25 iliyopakwa grisi kwenye mifereji yake, ichukue uchafu usidondoke ndani. Chungulia kwa tochi: washa ya zamani ikibaki imeganda kwenye tundu, plagi mpya inakaa juu ya washa mbili, inakuwa fupi na haipoi vizuri. Hii hutokea sana.

Ingiza kwa vidole mpaka ikae. Ikikataa raundi ya pili, rudisha, usilazimishe. Ikishakaa, kwa washa mpya zungusha nusu raundi kwa spana ya 21. Plagi inayorudishwa na washa iliyokwisha bonyea, moja ya kumi na mbili ya raundi inatosha, yaani kama mshale wa saa ukitoka kumi na mbili kwenda moja. Mwenye toki rench aweke kati ya 35 na 45 Nm, kichwa ni cha chuma cha kusubu. Ukipaka grisi ya shaba kwenye nyuzi punguza, maana inateleza na utakaza kupita kiasi bila kujua.

MkulimaKaratu

Nimeelewa, mzee. B6HS tatu na B5HS moja zimepatikana, thamostati inatafutwa Arusha. Nizipime rangi baada ya muda gani?

Mzee_wa_Kabureta

Usizitoe baada ya kunguruma uwanjani, zitakudanganya. Thamostati ikishafungwa na oili mpya imo, vuta tela limejaa maji mlima mmoja, saa moja ya kazi kweli. Zima injini ikiwa bado ina mzigo na kaba imefunguka, hapo hapo ulipo, isipate nafasi ya kunguruma bure. Ngoja chuma kipoe kiasi cha kushikika ndipo uzitoe, uzipange kwa namba juu ya kitambaa. Moja, mbili na nne zikiwa na rangi ya majivu au kahawa ya maziwa kwenye ile pua ya kauri, ziache. Ukiona nyeusi tena kwa zote tatu, rudi kwenye kabureta, usiguse namba ya plagi. Picha iweke hapa, pamoja na namba za kompresheni za ile ya tatu.